Jambazi lazima afe? Uhalifu na maadili katika filamu bubu

Swali la msomaji wa Morogoro: Nimekuwa nikiangalia filamu bubu za uhalifu za Marekani na Ulaya, zile za kati ya 1903 na 1929 zinazopatikana bure mtandaoni. Karibu kila moja naona jambazi anauawa, anatubu au anakamatwa dakika za mwisho, na mara nyingi mwisho huo hauendani na filamu yenyewe. Ilikuwa sheria? Na mtu azitazame vipi ili aelewe kilichokusudiwa?

Jibu: Hapana, haikuwa sheria. Zile kanuni kali za Hollywood zinazotajwa sana ziliandikwa mwaka 1930, sauti ikiwa imeshaingia, na zikaanza kung'ata kweli mwaka 1934. Enzi ya filamu bubu ilikuwa na kitu kingine kabisa: wakaguzi wengi, kila mmoja na mkasi wake, mji kwa mji na jimbo kwa jimbo. Mtengenezaji hakujua filamu yake itakatwa wapi. Kwa hiyo maadili aliyaweka mahali ambapo ni rahisi kuyabandika na rahisi kuyabandua: kwenye vibao vya maandishi vinavyokatiza picha, na kwenye dakika za mwisho. Uhalifu wenyewe ulibaki kwenye picha. Unapoona mwisho haushikani na katikati, macho yako hayajakosea.

Tuanze na hao wenye mikasi. Chicago iliamua mwaka 1907 kwamba kila filamu ipate kibali cha mkuu wa polisi kabla ya kuonyeshwa. Mwenye kumbi mmoja akaenda mahakamani, na mwaka 1909 Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois ikawapa polisi ushindi. Moja ya filamu zilizobishaniwa ilihusu genge la ndugu wawili James. New York, mkesha wa Krismasi wa 1908, Meya George McClellan alifuta leseni za kumbi zote za sinema jijini kwa mpigo mmoja. Mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya hiari ya ukaguzi, na watengenezaji wakaiunga mkono haraka, maana heri kukatwa na rafiki. Pennsylvania ilipitisha sheria yake mwaka 1911, Ohio na Kansas mwaka 1913. Kampuni ya Mutual ikaishtaki Ohio, ikidai filamu ni chombo cha maoni kama gazeti. Februari 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani ikajibu kwa kauli moja kwamba filamu ni biashara tu, haina kinga ya uhuru wa kusema. Uamuzi huo ulisimama hadi 1952. Yaani kwa sehemu kubwa ya enzi ya filamu bubu, bodi ya jimbo ingeweza kukata chochote na mwenye filamu hakuwa na pa kulalamika.

Walikuwa wakikata nini? Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Wakaguzi hawakusumbuliwa sana na jambazi kutoroka. Walisumbuliwa na jambazi kufundisha. Chombo kinavyoingizwa kwenye kasha la fedha, dirisha linavyofunguliwa bila kelele, sumu inavyotiwa kwenye glasi: hivyo ndivyo vilivyopigwa mkasi. Japani iliona hofu hiyohiyo mapema. Oktoba 1912 polisi wa Tokyo walipiga marufuku filamu za Zigomar, jambazi wa Kifaransa, kwa madai kwamba watoto walikuwa wakimwiga mitaani. Na orodha ambayo chama cha watengenezaji wa Hollywood chini ya Will Hays kiliitoa mwaka 1927 inaonyesha wazi fikra hizo. Ina makatazo 11 na mambo 25 ya kuangaliwa kwa uangalifu. Miongoni mwa hayo 25 kuna wizi, uvunjaji wa makasha, ulipuaji wa treni na majengo, namna ya kuua, namna ya kuvusha magendo, kunyonga kwa amri ya mahakama, kumwonea mhalifu huruma, hata kumpiga mtu chapa ya moto. Lakini hakuna kipengele kinachosema jambazi lazima afe. Na orodha yenyewe ilikuwa ya hiari.

Sasa tuingie kwenye filamu. Chukua The Musketeers of Pig Alley ya D.W. Griffith, iliyotoka Oktoba 1912. Ni mkanda mmoja, kama dakika 17. Mpiga muziki fukara na mkewe, anayechezwa na Lillian Gish, wanaishi kwenye mtaa uliosongamana wa New York. Mume anarudi kutoka safari ya kutafuta riziki, pochi imejaa. Snapper Kid, kiongozi wa genge, anampora. Baadaye, kwenye dansi la wahuni, jambazi wa genge jingine anataka kumtilia yule mwanamke dawa kwenye kinywaji. Snapper anazuia. Si kwa wema mtupu, kwani naye anamtaka. Ugomvi huo unazaa mapigano ya bastola uchochoroni, na katika vurugu hizo mume anapata upenyo wa kunyakua pochi yake. Snapper anakimbilia chumbani kwa wanandoa, polisi anamfuata, na mke na mume wote wawili wanamwambia polisi kwamba jamaa alikuwa nao muda wote.

Tazama hapo. Raia wema wanamdanganya askari, mhalifu anatoka mzima, na filamu inaona sawa. Halafu kinakuja kibao kifupi kinachozungumzia viungo vya mfumo, na baada yake mkono wa mtu tusiyemwona unaingia pembeni mwa fremu ukiwa na noti, Snapper anapokea. Nani anatoa? Filamu haisemi. Mwanasiasa, polisi, bosi wa mtaa, chagua mwenyewe. Hiyo ni shoti ya sekunde chache, na kwa maoni yangu ina maadili mazito kuliko mahubiri yote ya miaka ile, maana inamtoa mhalifu kwenye moyo wake mbaya na kumweka kwenye mtandao unaomlisha.

Kuna shoti nyingine humo ya kurudia mara tatu. Kabla ya mapigano, Snapper ananyata akiwa ameegemea ukuta, anakuja kuelekea kamera hatua kwa hatua, mpaka uso wake unajaza sehemu kubwa ya fremu, macho yakicheza, kisha anatoka upande. Mwaka 1912 waigizaji wengi bado walipigwa picha mwili mzima au kuanzia magotini. Griffith na mpiga picha wake Billy Bitzer walimleta mwizi karibu kuliko mtu mwingine yeyote kwenye filamu ile. Ukikaribishwa usoni mwa mtu namna hiyo, unashiriki hofu yake, upende usipende. Hakuna kibao kinachoweza kuifuta.

Mwaka uliofuata ikaja Traffic in Souls ya George Loane Tucker, mikanda sita, kuhusu wasichana wanaotekwa na kuuzwa kwenye madanguro. Hapa maadili yalitumika kama kibali cha kuingilia. Mkuu wa biashara ile chafu ni Trubus, mwenyekiti wa chama cha kutetea usafi wa jamii. Pesa za wasichana zinahesabiwa chumba cha chini, yeye yuko juu anapokea pongezi. Anaumbuliwa kwa kifaa cha kunasa sauti kilichobuniwa na baba wa shujaa wa kike. Filamu ilitangazwa kama onyo kwa wazazi, ikajaza kumbi, na kundi la wanaoiga likafuata. Ujanja ule ulikuwa rahisi: onyesha danguro kwa saa moja na zaidi, funga kwa onyo. Lakini usiitupe yote kama unafiki wa kibiashara. Ile picha ya mnafiki aliye juu na uchafu ulio chini ni shtaka la kweli, na limejengwa kwa mpangilio wa vyumba, si kwa maneno.

Kama una nafasi ya kuchambua filamu moja tu, ichambue The Cheat ya Cecil B. DeMille, ya Desemba 1915. Edith ni mweka hazina wa fedha za Msalaba Mwekundu. Anachukua dola 10,000 za mfuko huo, anaziweka kwenye hisa kwa ushauri wa rafiki, zinapotea zote. Tori, tajiri wa Kijapani anayechezwa na Sessue Hayakawa, anampa kiasi hicho kwa masharti unayoweza kuyakisia. Mume wa Edith anafanikiwa kwenye biashara yake, Edith anampelekea Tori hundi, Tori anakataa, anambana na kumpiga chapa ya moto begani. Edith anamfyatulia risasi. Mume anajitwika kosa. Mahakamani baraza linamtia mume hatiani, Edith anasimama, anashusha gauni begani na kuonyesha chapa. Umati unainuka kutaka kumuua Tori, na jaji anafuta hukumu.

Sasa uliza: mwizi wa kwanza ni nani? Ni Edith. Pesa za Msalaba Mwekundu alizichukua yeye. Kesi haizigusi hata kidogo. Filamu inamwachia mweka hazina mwizi kwa sababu imempata mtu wa kubeba lawama zote, mgeni wa Asia, na inamalizia kwa kundi la watu weupe lenye hasira kana kwamba hiyo ndiyo haki. Huo ndio ubaguzi wa wakati ule ukifanya kazi ya maadili. Hata hivyo tazama mwanga: nyumbani kwa Tori taa inamulika upande mmoja wa uso, mwingine gizani, vivuli vinapita kwenye kuta za karatasi. Hayakawa anatulia wakati wenzake wanarusha mikono. Watazamaji walitoka ukumbini wakimzungumzia yeye, na akawa nyota mkubwa.

Na hapa kuna ushahidi bora kuliko wote wa nguvu ya vibao. Wajapani waishio Marekani walilalamika. Filamu ilipotolewa tena mwaka 1918, Japani ikiwa mshirika wa vita, Tori wa Japani aligeuzwa kuwa Haka Arakau, mfalme wa pembe za ndovu kutoka Burma. Hakuna shoti iliyopigwa upya. Walibadilisha maandishi tu. Nakala nyingi utakazokutana nazo zinatokana na toleo hilo la 1918, kwa hiyo usishangae ukisoma Burma huku mapambo ya nyumba ni ya Kijapani.

Mwisho wa filamu nao ulikuwa bidhaa. Watazamaji wa Urusi ya kabla ya mapinduzi walipenda msiba, na kampuni ya Nordisk ya Denmark ilipiga mwisho wa pili, wa huzuni, kwa ajili ya soko hilo. Atlantis ya 1913 ina miisho miwili kwa sababu hiyo. Wakati mwingine kilichoamua ni sura ya mwigizaji. Kwetu tunasema stelingi hafi. London mwaka 1927 stelingi hakuruhusiwa hata kuwa muuaji. The Lodger ya Alfred Hitchcock inatoka kwenye riwaya ambayo mpangaji wake anakuacha na shaka nzito kwamba ndiye anayewaua wanawake. Lakini mpangaji alichezwa na Ivor Novello, kipenzi cha wasichana, na kampuni haikukubali. Kwa hiyo Hitchcock alijenga filamu nzima ya kumshuku, ile dari ya kioo tunayoona nyayo zake zikienda na kurudi juu yake, skafu iliyofunika mdomo, kisha akamsafisha mwishoni. Anayeona hapo somo la "usihukumu haraka" hajakosea, ila somo lilikuja na mkataba wa mwigizaji.

Wala si kweli kwamba wote walikamatwa. Fantômas wa Louis Feuillade, filamu tano za 1913 na 1914, anaponyoka kila mara, hata ya mwisho. Katika Les Vampires ya Feuillade huyohuyo, sehemu kumi za 1915 na 1916, Irma Vep, jambazi wa kike, anapigwa risasi sehemu ya kumi, baada ya saa kadhaa ambazo Musidora, aliyemcheza, ametawala kila paa na kila korido ya Paris. Ukipima kwa dakika, adhabu ni chembe.

Underworld ya Josef von Sternberg, 1927, inaonyesha namna mtu hodari alivyotii na kukwepa kwa wakati mmoja. Bull Weed, jambazi mwenye kicheko kikubwa, amehukumiwa kunyongwa, anatoroka, anazingirwa na polisi. Akishajua kwamba mwanamke wake na rafiki yake hawakumsaliti, anajisalimisha kwa furaha. Wakaguzi wanapata mnyongo wao. Lakini Sternberg amefanya swali la filamu kuwa uaminifu kati ya watu watatu. Wizi wa benki hakuna anayeukumbuka tena. Kuna kipande ambacho Bull, akiwa anatafutwa na jiji zima, anachovya kidole kwenye maziwa na kumlisha paka mdogo. Kitendo kidogo kama hicho kinamwandalia huruma yote anayohitaji.

Basi namna ya kuzitazama. Kwanza rekebisha kasi, maana jambazi anayekimbia kama kuku anachekesha na hukumu yako yote inaharibika. Futi moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu 16, yaani picha mojamoja 16, na mkanda kamili ni futi 1,000. Ukipitishwa kwa fremu 16 kwa sekunde unachukua karibu dakika 17, kwa 18 karibu dakika 15, kwa 24 kama dakika 11 tu. Nakala nyingi za bure zimepitishwa kwa 24 au 25 ingawa zilipigwa kwa 16 hadi 20. Weka kasi ya 0.75 kwenye programu yako na uangalie mtu anayetembea au moshi wa sigara. Vikionekana vya kawaida, acha hapo. Filamu za 1926 kuendelea mara nyingi hazihitaji marekebisho, na nakala zilizokarabatiwa na hifadhi kubwa huwa zimesharekebishwa.

Pili, zima muziki mara ya kwanza. Muziki wa nakala nyingi umebandikwa na aliyepakia, na kinanda cha huzuni kinaweza kukuambia "huyu ametubu" wakati uso wa mwigizaji hausemi hivyo.

Tatu, chukua daftari, gawa ukurasa katikati. Kushoto andika kila kibao kinasema nini. Kulia andika picha inaonyesha nini bila kibao. Ikiwa toba iko kushoto tu, yaani kibao kinatangaza kwamba jamaa ameacha uovu lakini hakuna tendo lolote kulia, mshuku mtu wa mwisho aliyegusa maandishi. Angalia pia herufi: vibao vya mwanzo vya kampuni kubwa vina nembo na fremu inayofanana filamu nzima. Kibao chenye herufi tofauti, au Kiingereza cha ajabuajabu kilichotafsiriwa kutoka nakala ya nchi nyingine, ni cha baadaye.

Nne, jifunze kutofautisha pengo. Mkono unaelekea kwenye kasha la fedha, ghafla mlango uko wazi. Kama kuna picha inayofifia au duara jeusi linalojifunga, mwongozaji alikusudia. Kama mruko ni mkavu, katikati ya tendo, na fremu za kabla na baada ni safi, huenda ni mkasi wa mkaguzi, au mkanda ulikatika kwenye projekta na kuungwa. Kama picha inaanza kuchemka, madoa meupe yanatambaa kutoka pembeni, hiyo ni nitreti, plastiki ya mikanda ya zamani, iliyooza na haihusiani na maadili. Filamu ya mikanda mitano ambayo kwa kasi sahihi haifiki hata dakika 40 imepungukiwa; usitoe hukumu juu ya mwisho wake kabla hujatafuta nakala nyingine.

Kumbuka pia kwamba mahali pengine maana ilitoka mdomoni mwa mtu. Japani ukumbi ulikuwa na benshi, msimulizi aliyekaa pembeni ya kioo akisema maneno ya wahusika wote, kama hawa wanaotutafsiria filamu kwenye vibanda umiza. Benshi hodari aliweza kumfanya jambazi yuleyule awe shujaa usiku huu na mnyama kesho. Hilo halimo kwenye nakala yoyote unayoweza kupakua.

Anza na Musketeers, kisha The Cheat, kisha Underworld, kwa mpangilio huo, uone kamera inavyozidi kumkaribia mhalifu huku vibao vikipungua maneno. Na ukikuta mtu anasema "filamu bubu zote zilifundisha hivi au vile", mwulize amezionea wapi. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulihesabu filamu ndefu bubu 10,919 zilizotengenezwa Marekani, na ni asilimia 14 tu zilizobaki katika hali zilivyotolewa. Human Wreckage ya 1923, filamu ya kupinga dawa za kulevya aliyoitengeneza mjane wa Wallace Reid miezi michache baada ya nyota huyo kufa akipambana na uraibu, imepotea yote. Anayekueleza mwisho wake anakusimulia alichosoma kwenye magazeti ya wakati huo.